INGOBYI HAIBEBWI NA MTU MMOJA
Somo juu ya kumsaidia mume au mke anayetibiwa kansa kwa kemoterapi



Katika masomo yetu tumezoea kusema juu ya mshahara, zamu, ajali za kazini na likizo. Safari hii tutasema juu ya jambo linaloanzia nyumbani, lakini ambalo haliendi siku nyingi kabla ya kufika kiwandani na shambani. Nalo ni hili: mke au mume amepatikana na kansa, na daktari amesema atatibiwa kwa kemoterapi.

Mfanyakazi akisikia neno hilo hujiuliza maswali matatu. Je, atapona? Je, nitapata wapi nauli? Je, kazi yangu nitaikuta? Swali la kwanza ni la daktari. La pili na la tatu ni letu sote, na ndiyo sababu tumeandika somo hili. Lisomeni pamoja, na anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Jambo kubwa la kushika ni hili. Kemoterapi ni matibabu ya ratiba. Mara nyingi kinachovunja ratiba ni nauli, njaa, woga na zamu ya kazi, wala si mgonjwa kukataa. Hayo yote manne yanaweza kupangwa. Lakini mtu mmoja hawezi kuyapanga peke yake.

1. KEMOTERAPI NI NINI?

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana ambazo hugawanyika na kuongezeka kwa mpango. Kansa ni chembe zilizoacha mpango: zinaongezeka bila kusimama na kula nafasi ya nyingine. Kansa haiambukizi. Hutaipata kwa kula sahani moja na mwenzako wala kwa kulala naye kitanda kimoja.

Kemoterapi ni dawa zinazoua chembe zinazoongezeka haraka. Nyingine hupitishwa katika mshipa kwa seromu, nyingine ni vidonge. Lakini mwilini zipo chembe njema ambazo nazo huongezeka haraka: za nywele, za mdomo, za tumbo, na zile za ndani ya mifupa zinazotengeneza damu. Dawa huzigonga hizo pia. Ndiyo maana nywele huanguka, mdomo hupata vidonda, tumbo huchafuka na damu hupungua nguvu. Mambo hayo hayaonyeshi kwamba mgonjwa amelogwa, wala kwamba dawa imemshinda.

Kwa sababu hiyo dawa haitolewi yote kwa mara moja. Hutolewa kwa duru: siku ya dawa, kisha wiki mbili au tatu za kupumzika ili chembe njema zijijenge, kisha dawa tena. Ukikata katikati, chembe njema zinajijenga, lakini hata kansa iliyobaki inajijenga. Ni kama kupalilia nusu ya shamba na kuacha nusu. Mgonjwa anayesema baada ya duru ya pili, «Sasa ninajisikia vizuri, tuache,» yuko hatarini.

Wengine husema dawa hizi ni mambo mapya ya mbali, wanazijaribu juu yetu. Si kweli. Kwa jirani zetu wa Uganda, daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago aliandika mwaka 1958 juu ya kansa inayovimbisha taya za watoto. Mwaka 1967 ilifunguliwa hapo Mulago nyumba maalum ya kuitibu kansa hiyo, ambayo leo ni Taasisi ya Kansa ya Uganda. Huko watoto wa Afrika walipona kwa dawa, na ulimwengu ukajifunza kutoka kwao. Tena dawa moja ya kemoterapi, vinkristini, chanzo chake ni mmea wa Madagascar wenye maua ya rangi ya waridi, ambao watu wengi hupanda uani kama pambo. Lakini usiuchemshe ukamnywesha mgonjwa: ndani yake mna sumu, na kipimo chake kinajulikana na wataalamu tu.

2. HESABU YA SAFARI

Sisi wa Rusizi tuko pembeni kabisa ya nchi. Mgonjwa huanzia kituo cha afya, hupewa karatasi ya kwenda hospitali ya wilaya, kama Gihundwe au Mibilizi, na kutoka hapo hutumwa mbele. Kemoterapi hutolewa katika hospitali kubwa za Kigali, kama King Faisal na Hospitali ya Jeshi ya Kanombe, ambako tangu mwaka 2019 kuna pia matibabu ya mionzi. Hutolewa vilevile Butaro, wilaya ya Burera, katika kituo cha kansa kilichofunguliwa mwaka 2012. Butaro iko kaskazini, karibu na mpaka wa Uganda. Mtu wa Kamembe huvuka msitu wa Nyungwe, hupita Huye, hufika Kigali, kisha hupanda gari lingine kwenda milimani. Siku nzima huisha barabarani.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme daktari ameandika duru 6, kila duru baada ya siku 21. Kutoka dawa ya kwanza hadi ya sita ni siku 105, yaani miezi mitatu na nusu. Kila safari inataka siku 3: moja ya kwenda, moja ya kupimwa damu na kupewa dawa, moja ya kurudi. Mara 6 kwa siku 3 ni siku 18.

Sheria ya kazi ya Rwanda namba 66/2018, ya tarehe 30/08/2018, inampa mfanyakazi siku moja na nusu za likizo yenye malipo kwa kila mwezi, yaani siku 18 za kazi kwa mwaka. Tazameni vizuri: likizo yote ya mwaka imemezwa na safari peke yake. Haikubaki hata siku moja ya homa ya usiku, wala ya duru iliyoahirishwa kwa sababu damu ilikutwa chini. Na kibarua anayelipwa kwa kilo za majani anazochuma, siku asiyochuma halipwi kitu.

Hapa ndipo watu wanaposhindwa. Mume anakwenda safari ya kwanza na ya pili kwa moyo wote. Ya tatu anatafuta deni. Ya nne anasema, «Tungojee mshahara.» Hakumwacha mkewe kwa kukosa upendo. Alibeba peke yake mzigo wa watu wanne.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mgonjwa alipobebwa mlimani kwa ingobyi, machela yetu ya asili, wanne waliweka mabega, na wengine walitembea pembeni wakingoja kupokezana. Watu wa mlima walikuwa na chama cha ingobyi, na asiyefika siku ya kubeba alitozwa faini. Hakuna aliyesema, «Mgonjwa ni mke wako, mbebe wewe.» Kemoterapi ni ingobyi ya miezi. Nayo inataka mabega ya kupokezana.

3. KAZI YA MWENZI NYUMBANI

Kumtunza mgonjwa ni kazi, na kila kazi ina vyombo na utaratibu wake.

Kwanza, daftari. Nunua daftari dogo na uandike: jina la dawa, tarehe ya duru, tarehe ya kurudi, nambari ya simu ya hospitali, na yale mgonjwa aliyoyasikia mwilini kila siku. Daktari akiuliza, «Alitapika siku ngapi?» daftari litajibu. Kama hujui kuandika, mtoto wa shule aandike.

Pili, chakula. Dawa hubadilisha ladha ya kinywa, hata nyama ikawa kama chuma mdomoni. Usimkaripie mgonjwa aliyeacha sahani. Mpe kidogo mara nyingi, badala ya sahani kubwa mara mbili. Uji, mayai yaliyoiva kabisa, maharage laini, isambaza wa Kivu waliopikwa vizuri: hivyo hujenga damu na mwili. Chakula kiwe cha moto, kilichopikwa siku hiyo. Maji yachemshwe. Matunda yaoshwe na kumenywa.

Tatu, mdomo. Asukutue mara nyingi kwa siku kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo. Mswaki uwe laini.

Nne, uchafu wa mwili. Kwa muda wa siku mbili baada ya dawa, mkojo, choo na matapishi huwa na mabaki ya dawa. Anayesafisha avae glavu, au mifuko ya plastiki mikononi kama hana glavu, na anawe kwa sabuni. Nguo na mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo. Dawa nyingine nyekundu hugeuza mkojo uwe mwekundu kwa siku moja au mbili. Ulizeni mapema, msije mkadhani ni damu.

Tano, mambo ya ndani ya nyumba. Mgonjwa wa kemoterapi asishike mimba, na mume anayetibiwa asimpe mkewe mimba, maana dawa hudhuru mtoto. Mtumie kondomu, na muulizeni muuguzi juu ya njia nyingine. Mama anayenyonyesha amwambie daktari kabla ya dawa ya kwanza. Na ikiwa mgonjwa hana hamu ya tendo la ndoa, ni uchovu wa dawa. Si dharau.

Sita, dawa za miti. Nyingi huharibu ini au hupigana na dawa za hospitali. Ikiwa mama mkwe ameleta chupa, msimtukane. Semeni, «Asante Mama, tutaiuliza kwanza kwa daktari.» Na kweli muiulize.

4. HOMA: SAA YA KUKIMBIA

Mkisahau yote mengine katika somo hili, msisahau sehemu hii.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huwa chache sana. Mdudu mdogo ambaye siku nyingine asingefanya kitu anaweza kumwua mgonjwa kwa siku moja. Dalili inaweza kuwa homa tu.

Sisi wa huku, hasa wa Bugarama penye mpunga na mbu, tukiona homa tunasema malaria. Tunampa mtu parasetamoli, analala, tunangoja asubuhi. Kwa mgonjwa wa kemoterapi usifanye hivyo. Nunua kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi, mpeleke kituo cha afya au hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Usimpe parasetamoli kwanza, maana itaficha homa na ugonjwa utaendelea chini yake.

Ukifika sema maneno haya: «Huyu anatibiwa kansa kwa kemoterapi. Dawa ya mwisho alipewa tarehe fulani. Ana homa.» Toa karatasi za hospitali. Hata kipimo kikionyesha malaria, waambie vilevile juu ya kemoterapi, kwa sababu mtu anaweza kuwa na mambo mawili.

Dalili nyingine za kukimbia ni hizi: damu isiyokoma puani au kwenye fizi, kupumua kwa shida, kutapika hata maji hayakai, kuhara mara nyingi kwa siku, kuchanganyikiwa akili. Na wakati wa seromu yenyewe, mkono ukiuma au ukichoma kama moto, mwite muuguzi papo hapo. Dawa iliyotoka nje ya mshipa huunguza nyama.

5. NYWELE, MANENO NA HESHIMA

Nywele zikianguka, mke huona haya kwenda sokoni, na mume huona haya mbele ya wenzake wa zamu. Kwa kawaida nywele huota tena baada ya dawa kwisha. Mnyoe mapema, kabla hazijaanguka kwa mafungu kwenye mto, na mpatie kitambaa kizuri. Mume mwingine hujinyoa pamoja na mkewe, na watoto wakacheka. Kicheko nacho husaidia.

Hapa tuseme wazi na wanaume. Mume akiugua, mke huacha kila kitu na kumwuguza, nasi tunaona ni kawaida. Mke akiugua, wengi wetu tunamwita dada yake au binti aliye shuleni, kisha tunarudi kazini na jioni tunapitia kwenye bia. Ndugu, kuteka maji, kupika uji na kufua shuka hakumpunguzii mwanamume kitu. Na binti asitolewe darasani kwa ajili ya kazi ambayo baba ana mikono ya kuifanya.

Na wewe unayemtunza mgonjwa, nawe ni mtu. Lala. Kula. Anayeendesha mashine bila usingizi huleta ajali, na nyumba itakuwa na wagonjwa wawili. Mwambie mwenzako mmoja unayemwamini kwamba umechoka. Kusema hivyo si kulalamika.

6. KAZINI: NI NANI AFANYE NINI?

Mwenye mgonjwa afanye haya. Pata karatasi ya hospitali yenye tarehe za duru zote, si moja moja. Ipeleke kabla ya duru ya kwanza kwa kapita au mkuu wa zamu, na nakala kwa mjumbe wa wafanyakazi. Usiende mikono mitupu, nenda na mpango: «Kapita, mke wangu ana tarehe sita za hospitali, hizi hapa. Mbili nitatumia likizo. Mbili mwenzangu huyu amekubali kubadilishana zamu nami. Mbili atasindikizwa na dada yangu.» Ni vigumu mtu kuukataa mpango uliokwisha kupangwa, na akiukataa mjumbe ana kitu cha kushika mkononi. Omba likizo igawanywe kwa mapatano na mwajiri, na yaandikwe. Anayetoweka bila kusema anampa mwajiri sababu ya kumfukuza.

Ikiwa mfanyakazi mwenyewe ndiye mgonjwa, hiyo ni likizo ya ugonjwa, ambayo ni haki nyingine mbali na likizo ya mwaka. Inataka karatasi za madaktari zinazokubalika kwa sheria. Asitumie siku zake za mwaka kwa kutojua.

Juu ya malipo: hakikisheni mituweli imelipwa kwa watu wote wa nyumba, na karatasi ya kutumwa isikosekane, kwa kuwa bila hiyo bima hailipi. Hospitalini mwenye mituweli hulipa sehemu ya 10 kwa 100. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali iliamua kuongeza orodha ya matibabu yanayobebwa na mituweli, na matibabu ya kansa yakatajwa. Kwa hiyo kabla ya kuuza ng'ombe au shamba, ulizeni kwenye ofisi ya bima ni dawa zipi zinalipwa. Na hospitalini mtafuteni mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mumweleze hali yenu ya nauli na chakula. Kazi yake ndiyo hiyo, na asipoambiwa hawezi kujua.

Tawi la chama lifanye haya. Litunze orodha ya wenye wagonjwa, kwa siri na heshima. Lipange watu wa kubadilishana zamu. Lichange. Watu 20 wakitoa faranga 500 kila mmoja kwa kila duru, ni faranga 10.000 kwa duru, na 60.000 kwa duru sita. Si fedha ya kumaliza shida yote, lakini inaweza kuwa ile nauli ya safari ya nne, ambayo ndiyo huwavunja wengi. Fedha hiyo iandikwe katika daftari na isomwe mbele ya wote.

7. KAMA DAWA HAZIKUPONYA

Hatutawadanganya. Kansa nyingine hupona, nyingine hurudishwa nyuma kwa miaka, nyingine zilikutwa zimechelewa. Daktari akisema sasa kazi ni kutuliza, maana yake hakuacha kutibu. Anatibu maumivu. Ipo dawa ya maji ya morfini, inayochanganywa hapahapa Rwanda, ambayo humwezesha mtu kulala na kuzungumza na watoto wake. Ikitolewa na muganga kwa kipimo, haimfanyi mtu kuwa mlevi. Msikubali mgonjwa wenu alie usiku kucha kwa kuogopa jina la dawa. Mume au mke anayekaa kitandani kwa mwenzake siku hizo hakushindwa kazi yake. Anaimaliza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika zamu yetu au shamba letu, ni nani mwenye mgonjwa nyumbani sasa, na amemweleza nani?
2. Kama duru ni 8 na kila moja ni baada ya siku 14, safari zitataka siku ngapi? Likizo itatosha?
3. Mgonjwa wa kemoterapi ana homa ya 38 saa sita usiku. Tutampeleka wapi, kwa chombo gani, na tutasema nini?
4. Vibarua wasio na likizo tutawasaidiaje?
5. Tawi letu litaanza kuchanga lini, na daftari atashika nani?

Majibu ya swali la 5 yaandikwe na yaletwe kwa mjumbe kabla ya mkutano ujao. Mengine mnaweza kuyajadili tena, lakini hilo lisingojee mpaka mtu augue.